Judo, karate, taekwondo au ngumi: upi umlee mwanao kwa adabu?

Jua likishapoa baada ya Alasiri, kumbi za skuli na nyua za klabu za Unguja hujaa watoto waliojifunga mikanda viunoni, wanahesabu kwa Kijapani au Kikorea huku wakirusha ngumi na mateke hewani. Wazazi husimama dirishani. Ukiwasikiliza, wanaotaka medali ni wachache. Mmoja mwanawe ni mkorofi, kila mara anaitwa skuli. Wa mwengine anaonewa na hasemi. Wa tatu kijana wake habanduki kwenye simu. Wote wanaomba mtoto ashike adabu, na kila klabu inawajibu: mlete kwetu.

Sasa amlete wapi? Ukisoma viapo vilivyobandikwa ukutani hutapata jibu, maana vyote vinasema heshima, subira, kujizuia. Hata mwalimu mbovu anaweza kubandika karatasi. Mimi naona bora kuutazama mchezo wenyewe ulivyoundwa: unalipa nini, unaadhibu nini, na unamfanya mtoto amtegemee nani. Nimeiweka minne ubavu kwa ubavu, judo, karate, taekwondo na ngumi. Kung fu nimeiacha nje kwa makusudi, kwa kuwa chini ya jina hilo kuna mitindo mingi isiyofanana, na ukilinganisha unaishia kuwalinganisha walimu tu.

Waasisi walitaka nini

Judo ilianzishwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, mwalimu aliyekuja kuongoza chuo cha ualimu. Alichukua mapigano ya zamani ya jujutsu, akaziondoa mbinu za hatari katika kupimana nguvu, akabakisha kurusha, kubana chini, kukaba na kukunja kiwiko. Juu yake akaweka misingi miwili: tumia nguvu zako kwa namna iliyo bora kabisa, na ufaidike pamoja na mwenzako. Huo wa pili ndio ninaoutazama hapa.

Karate ni mchezo wa visiwani kama sisi. Ilitoka Okinawa, na Gichin Funakoshi, naye mwalimu wa skuli, akaipeleka Tokyo mwaka 1922. Katika maagizo yake ishirini kwa wanafunzi, la kwanza linasema karate huanza kwa salamu na kumalizika kwa salamu, na la pili linasema katika karate hakuna kuanza kushambulia. Upande wetu mtindo wa Goju-ryu ulipata mizizi Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kwa kazi ya Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na wengi wanaofundisha leo wamepita mikononi mwa wanafunzi wa wanafunzi wa zama zile.

Taekwondo ni ya Korea, na jina lake lilipitishwa mwaka 1955 likisukumwa na jenerali wa jeshi, Choi Hong Hi. Ina nguzo tano ambazo watoto huzisoma kwa sauti: heshima, uadilifu, ustahimilivu, kujizuia, na moyo usiovunjika. Harufu ya jeshi haijaitoka. Safu zimenyooka, amri ni moja, jibu ni moja. Kwa mtoto aliyekosa mpango nyumbani hilo ni dawa. Kwa mwalimu anayependa kutiiwa ni hatari, na nitarudi hapo.

Ngumi haina kiapo. Ina sheria tu, zile za Queensberry za mwaka 1867, na katika hizo agizo moja kubwa la utu: aliyeanguka hapigwi. Kengele ikilia mnaacha. Mkimaliza mnakumbatiana. Nimewaona mabondia ambao hawajui hata nguzo moja ya adabu ya kukariri, na ni watu wapole kupita walimu wa viapo.

Adabu inapovunjika, mchezo unafanya nini?

Hili ndilo jaribio ninaloliamini zaidi. Kila mchezo una siku yake ya aibu mbele ya dunia nzima, na namna ulivyoishughulikia inakuonyesha unathamini nini kwa kweli.

Karate ilipata yake Tokyo, Agosti 2021, kwenye fainali ya uzito wa juu ya Olimpiki. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza kwa pointi dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akarusha teke la juu, likamkuta Ganjzadeh upande wa kichwa, mtu akaanguka na kutolewa kwa machela. Kwenye ngumi huo ndio ushindi mtamu kuliko wote. Kwenye karate waamuzi wakakaa pamoja, wakasema teke halikudhibitiwa, wakamwondoa Hamedi. Dhahabu ikaenda kwa aliyelala. Watu walilalamika sana, na wengine wanalalamika mpaka leo kwamba mchezo umejidhihaki wenyewe. Mimi nasema pale karate ilikuwa mkweli kuliko siku zote: ilimnyima mtu medali kubwa kabisa kwa kosa la kuzidisha. Mtoto anayelelewa katika mchezo wenye sheria hiyo anajua tangu mkanda mweupe kwamba nguvu isiyo na breki ni kosa.

Ya taekwondo ilikuwa Beijing, 2008. Ángel Matos wa Kuba, bingwa wa Olimpiki ya 2000, aliondolewa kwenye pambano la shaba kwa sababu muda wa kutibiwa ulimpita. Akamgeukia mwamuzi na kumpiga teke la uso. Alifungiwa maisha, na mwalimu wake naye akafungiwa maisha. Hiyo ya pili ndiyo inayonipendeza. Mchezo ulitamka wazi kwamba mwanafunzi akiharibika, aliyemlea ana hesabu ya kutoa.

Judo, Rio 2016: Islam El Shehaby wa Misri alishindwa na Or Sasson wa Israel, akakataa kumpa mkono. Sababu ilikuwa ya kisiasa, na hapa kwetu hutakosa wa kumwelewa. Lakini mwamuzi alimwita arudi ainamishe kichwa kwanza ndipo aondoke, na ujumbe wa Misri ukamrudisha nyumbani. Upende usipende, judo ina msimamo kwamba salamu ni haki ya yule uliyepambana naye, hata kama humpendi.

Ngumi za kulipwa, Las Vegas, Juni 1997: Mike Tyson alimng'ata Evander Holyfield sikio, kipande kikatoka. Leseni ikafutwa, faini ya dola milioni 3. Mwaka uliofuata akarudishiwa leseni, na mapema 1999 yumo ulingoni tena, tiketi zinauzwa. Ngumi za ridhaa zina nidhamu kali zaidi ya hivyo, hilo ni lazima lisemwe, ila kijana anayeingia ngumi anaziangalia za kulipwa, na huko aibu nayo ni mtaji.

Mwili unajifunza kabla ya kichwa

Simama pembeni ya tatami, ile mikeka minene ya judo, kwa dakika chache wakati watoto wa judo wanarushana. Mtoto wa miaka tisa amemshika mwenzake kola kwa mkono mmoja na mkono wa nguo kwa wa pili. Anamvuta, anaingiza kiuno, anamrusha. Usimtazame aliyeanguka. Utazame mkono wa mrushaji: haujaachia. Anauvuta juu ule mkono wa mwenzake mpaka mgongo umegusa chini, ili kichwa kisigonge. Aliyeanguka anapiga tatami kwa kiganja kupunguza mshindo, anainuka, na sasa zamu ni yake. Wakishikana chini, aliyebanwa akiona basi anapiga mara mbili kwa kiganja, na aliyemshika anaachia pale pale, bila ya kuongeza hata nukta.

Fikiri mtoto amefanya hivyo jioni baada ya jioni kwa mwaka mzima. Hakuna aliyemhubiria kitu kuhusu amana, lakini mwili wake umeshajua kwamba mwenzake amempa shingo na mgongo wake, na kesho yeye ndiye atakayetoa. Hakuna judo ya peke yako. Ukimuumiza mshirika wako leo, wiki ijayo huna wa kufanya naye. Msingi wa Kano wa kufaidika pamoja umo ndani ya zoezi lenyewe, wala hauhitaji karatasi ukutani.

Karate inafundisha kitu kingine, kusimamisha. Ngumi inatoka kwa nguvu zote na kukoma mbele ya pua. Kufika hapo kunataka miaka, na mtoto mwenye mkono mwepesi anafaidika sana. Halafu kuna kata, ule mfuatano wa hatua na mapigo unaofanywa peke yako, tena na tena, mpaka mguu ukae unapotakiwa. Watoto waoga na wale wasiopenda kuguswa huchanua kwenye kata. Ubaya wake ni kwamba mtoto anaweza kufanya kata miaka mitatu bila kupambana na mtu, akapanda mikanda, akaanza kujiona. Kiburi cha karate ni cha kimya, na mwalimu asipokiona mapema kinakaa.

Taekwondo hapa ina kitu cha kutazamwa kwa macho mawili. Kwa sheria za Shirikisho la Dunia, ngumi ya kifua ina pointi 1, teke la kifua pointi 2, teke la kichwa pointi 3, na la kuzunguka likifika kichwani pointi 5. Mtoto amesoma kwa sauti nguzo ya kujizuia, kisha ubao wa matokeo unamlipa zaidi kadiri anavyolenga kichwa. Kweli amevaa helmeti na kinga ya kifua, na mateke yenyewe ni mazuri ajabu, lakini viwili hivyo vinavutana na mwalimu anayejali ataeleza. Nguvu ya taekwondo kiadabu iko kwengine, kwenye ustahimilivu. Teke la juu halipatikani kwa mwezi. Mtoto anajinyoosha, anakosa, anaanguka kwa makalio mbele ya wenzake, anarudi kesho.

Na ngumi? Hakuna mchezo unaomvua mtu uongo haraka kama huu. Kijana wa mtaani anayejisifu maskani akipelekwa kwa bondia mdogo kuliko yeye, raundi moja inatosha. Hakuna mkanda wa rangi wa kujifichia. Mabondia wazoefu wengi wana heshima ya kweli kwa sababu wamepigwa, na wanajua aliye mbele yao naye anaumia. Kama swali lingekuwa upi unafundisha unyenyekevu haraka zaidi, ningejibu ngumi bila kusita.

Uso

Swali lakini ni la mtoto, na kwa Mzanzibari lina upande wa dini. Hadithi ya Bukhari na Muslim inayosema mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, bali anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu, kila mwalimu wa hapa anaijua, na wengine wameibandika pamoja na viapo vyao. Ile nyengine husahauliwa: mmoja wenu akipigana, na auepuke uso. Baraza la fikihi la Rabita ya Makka, jumuiya ya Waislamu wa dunia, lilipokaa mwaka 1987 lilitoa uamuzi dhidi ya ngumi, na madhara ya mwili yakiwa miongoni mwa hoja zake. Madaktari wamefika karibu na hapo kwa njia yao: mwaka 2011 jumuiya za madaktari wa watoto za Marekani na Kanada zilitoa tamko la pamoja kupinga watoto na vijana kucheza ngumi, kwa sababu ya ubongo.

Kwa kipimo hiki judo iko mbele ya wenzake wote, kwa sababu kupiga hakumo kabisa. Karate ya kusimamisha ngumi inafuata. Taekwondo iko katikati: ngumi ya uso ni marufuku, teke la uso ni ruhusa. Ngumi iko nyuma, na haina namna ya kujitetea, kwa kuwa uso ndio shabaha.

Kuna na historia yetu. Zanzibar ilipiga marufuku ngumi baada ya Mapinduzi ya 1964, ikazirudisha mwaka 2022 chini ya Rais Hussein Ali Mwinyi. Zaidi ya nusu karne imepita bila ya mchezo. Maana yake kiadabu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: mila za kambi, yule mzee anayekaa pembeni na kumwambia kijana "leo basi, vua glavu", hazinunuliwi dukani. Judo imepata bahati tofauti. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo wapo watu wazima waliolelewa kwenye tatami tangu wadogo na sasa wanaleta watoto wao. Ngumi zitafika huko. Hazijafika.

Kuinama

Wazazi huuliza hili kwa sauti ya chini, kama wanaona haya. Judo na karate zina salamu ya kuinama kwa kusimama na nyengine ya kupiga magoti na kushusha kichwa karibu na sakafu, na klabu nyengine zina picha ya mwasisi ukutani. Taekwondo huinamia bendera na mwalimu. Ngumi hugusanisha glavu, imekwisha.

Kwa Mjapani huko ni kuamkiana tu, kama mtoto wa hapa anavyompa mzee shikamoo na kuubusu mkono wa maalimu wake chuoni. Hata hivyo mwenye wasiwasi asidharauliwe. Akamuulize shekhe wake, na akamuulize mwalimu kabla ya siku ya kwanza: watoto wanainama kwa nani, kwa picha au kwa wenzao? Salamu ya kupiga magoti inaweza kubadilishwa ikawa ya kusimama? Nimeona klabu ambazo watoto huinamisha kichwa kidogo na mkono kifuani, na hakuna kilichopungua. Mwalimu anayekasirika kwa kuulizwa tu ameshajibu swali jengine ambalo hukuliuliza.

Wasichana

Mavazi si kikwazo kama zamani katika michezo hii. Taekwondo ilitangulia kukubali hijabu chini ya helmeti, na Kimia Alizadeh alipata shaba ya Olimpiki ya 2016 akiwa Muirani wa kwanza mwanamke kupata medali, naye kavaa hijabu. Judo iliruhusu kilemba maalumu kwa Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, London 2012. Karate nayo ikaruhusu, na ngumi za ridhaa zikafuata mwaka 2019.

Kikwazo kikubwa zaidi ni mshirika wa mazoezi. Judo ni kushikana na kulaliana chini, kwa hiyo klabu isiyo na wasichana wa kutosha haimfai msichana, hata kama mwalimu ni bora Zanzibar nzima. Karate na taekwondo zina nafasi zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mazoezi kila mtu yuko mahali pake. Kama binti yako ana miaka kumi na mbili na kuendelea, hesabu wasichana wa rika lake kabla ya kutazama kitu kingine.

Tusisahau na cha kwetu

Mtu anaweza kudhani adabu ya mapigano lazima ije kwa meli kutoka Asia. Nenda Makunduchi mwezi wa Julai, siku ya Mwaka Kogwa. Wanaume wa upande mmoja na wa pili wanachapana kwa vigogo vya migomba, wanawake wamejipamba kwa khanga na nyimbo zenye maneno makali, kibanda kinachomwa moto. Uliyekuwa na kinyongo naye mwaka mzima, unamalizana naye pale. Yanayopigwa uwanjani yanabaki uwanjani, na baadaye mnakula pamoja. Kirumbizi nacho, cha fimbo kwa fimbo na ngoma, kina utaratibu wake wa kuingia, kupokezana na kutoka. Havifundishwi kila jioni kama mazoezi, kwa hiyo siviweki kwenye mizani, lakini mwalimu wa karate anayevijua anaweza kumweleza mtoto wa Makunduchi maana ya kupigana bila chuki kwa maneno ya nyumbani kwao.

Mwalimu anaweza kuyapindua yote haya

Judo ya mwalimu mkali wa moyo ni mbaya kuliko ngumi za mwalimu mwema. Nenda ukatazame kabla ya kulipa, tena bila ya kuaga kwanza. Angalia anavyomrekebisha mtoto mzito, yule wa mwisho kwenye safu: anamshika bega na kumwonyesha, au anamfanya kichekesho cha wenzake? Ana bakora mkononi? Wako wazazi wanaoipenda bakora, wanasema ndiyo adabu yenyewe. Mimi siipendi. Mtoto anayeacha kupiga kwa kuogopa kupigwa ataanza tena siku mwalimu akisafiri.

Tazama wakubwa wanavyowafanya wadogo mwalimu akiwa ameshughulika na kitu kingine. Sikiliza anavyozisema klabu nyengine. Mikwaruzano ya klabu ipo kila mahali, na mwalimu anayewaambia watoto kwamba wale wa mtaa wa pili ni matapeli anawafundisha ugomvi kwa mdomo huku anawakataza kwa mkono.

Halafu usalama wa mtoto, na hapa sina lugha ya upole. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, mzazi aruhusiwe kukaa wakati wowote, pasiwe na "mazoezi maalumu" ya mtoto mmoja peke yake mlango umefungwa, wala safari ya kulala bila mzazi au mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa wasichana. Klabu iwe imesajiliwa chini ya Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar, na sheha wa shehia awe anaijua. Mwenye kuona tabu kwa haya, mshukuru na uondoke.

Gharama zisikushughulishe sana. Karate ndiyo nafuu, hata uwanja wa mchanga unatosha. Judo inataka tatami na nguo nene, lakini tatami ni mzigo wa klabu. Taekwondo ya mashindano ina vifaa vingi. Ngumi zinataka glavu, bendeji za mikono na kinga ya meno, na hiyo ya mwisho usikubali mtoto aazimwe. Jihadhari tu na klabu ambayo kila baada ya muda mfupi kuna mtihani wa mkanda na kila mtihani una ada, na hakuna mtoto anayefeli.

Ningechagua hivi

Mtoto mkorofi wa miaka sita hadi kumi na mbili, anayepiga wenzake: judo. Apate nguvu zake pahala pa kuzimwaga, na ajifunze kuachia anapogongewa. Karate nayo inafaa, ila itamchukua muda zaidi kabla ya kufaidi.

Anayeonewa na asiyesema: karate, na hasa kata, akishapata sauti yake apewe na kumite, yaani kupambana na mwenzake. Wengi watakuambia umpeleke ngumi akakomazwe. Mtoto aliyekwisha kupigwa skuli hahitaji kupigwa tena jioni kwa ada.

Aliyekosa ratiba, mvivu, anayeanza vitu na kuviacha: taekwondo, mradi mwalimu si wa kupiga makelele. Safu na amri zitamsaidia, na teke la juu litampa kitu cha kukifukuzia.

Kijana wa miaka kumi na saba aliyekwisha kuingia magenge ya maskani, ambaye judo ataiona ya kitoto: hapo nakubali ngumi, kwa mwalimu anayejulikana, mazoezi ya mfuko na kamba na pumzi kwa miezi mingi kabla ya kupambana na mtu, na kupigana kichwa kuwe kwa nadra. Atakuja kwa ubabe na ndio utakaomtoka kwanza. Simsukumi kwenye pambano la tiketi.

Ukishachagua, panga na saa. Mazoezi mengi ni baina ya Alasiri na Magharibi, na klabu nzuri hufunga kabla ya adhana bila ya kuambiwa. Ramadhani klabu nyengine huhamia baada ya tarawehe, nyengine husimama. Kwa mtoto anayeanza kufunga, bora isimame.

Kwa aliye Micheweni au Mkoani kule Pemba, ambaye karibu yake pana klabu moja tu na si ile aliyoitaka, asiingie daladala mpaka Chake kila jioni kwa kufuata jina la mchezo. Aikague hiyo hiyo ya jirani kwa masharti ya mwalimu niliyoyataja. Ikipita, amwandikishe, hata kama ni taekwondo na yeye moyo ulikuwa kwenye judo. Isipopita, mtoto acheze mpira mwaka huu, aangalie tena mwakani.